Kaburi Nyuma ya Duka la Mgodini

Ukisikia mwano, usikimbie. Ningekuwa na uwezo, maneno hayo ningeyapaka rangi kwenye mlango wa kila ofisi inayowatuma ninyi vijana kutembeza wageni huku kwetu. Mwano ni lile yowe la Kisukuma la kuitana kwenye hatari. Anaupiga mmoja, anaupokea wa pili aliye ng'ambo ya shamba, na kabla hujajua kumetokea nini watu wa vijiji vya jirani wanakuja mbio na pinde. Anayekimbilia unakotoka ni mwenzao. Anayekimbia kwenda upande mwingine ndiye mwizi, na huyo haulizwi jina.

Chekeni tu. Ninyi mna simu, mna beji shingoni, mna maji ya chupa kwenye gari. Mimi nilianza kazi hii enzi vimini vinapigwa marufuku, nikaiacha magoti yalipokuwa hayapandi tena Land Rover bila kusukumwa. Katikati hapo nilitembeza wakubwa kutoka Dar es Salaam, walimu wa Kizungu, wataalamu wa pamba, na mara mojamoja mtu aliyekuja peke yake akitafuta kitu chake mwenyewe. Wa namna hiyo ndio wa kuogopa. Wengine wanataka kuona. Yeye anataka kupata.

Mnapenda kuniuliza, "Mama Shija, Shinyanga kuna nini cha kumwonyesha mgeni?" Mnaniuliza ninyi, wana wa hapahapa, na swali hilo linanichefua. Kuna magofu ya boma kule Old Shinyanga, ambako mkoloni alikaa kabla reli haijamvuta mjini. Kuna mtaa wa Wahindi karibu na stesheni, maduka yenye baraza pana na milango mizito ya mbao. Kuna Ngokolo, ambako nyumba mpya za bati zilijengwa kwa haraka hivi kwamba mitaa mingine ilipata watu kabla ya kupata jina. Mpeleke mgeni kwa mpangilio huo, boma, maduka, kisha Ngokolo, naye atakuwa ameiona nchi ikibadilisha wenyewe hata kama hukufungua mdomo.

Mpangilio huo si wangu. Ni wa marehemu Mzee Masanja, aliyekuwa na kazi hii kabla yangu na aliyenifundisha kwa kunifokea. Siku ya kwanza nilimpeleka mgeni moja kwa moja ndani ya boma, nikiwa nimevaa viatu vya kisigino, najiona. Masanja akanivuta pembeni. "Umepiga hodi?" Nikamwambia hapa hakai mtu, mzee, ni gofu. "Gofu lina jirani," akasema. "Na huyo jirani amelitazama tangu azaliwe, anajiuliza kuna nini chini yake. Nenda kwake kwanza, piga magoti, msalimie, mweleze mgeni ni nani. Halafu ndiyo urudi hapa na hivyo viatu vyako."

Alikuwa akizungumzia mali za Mjerumani. Nani huku hajasikia habari zake? Kwamba Mjerumani alipofukuzwa alifukia dhahabu chini ya maboma yake, akachonga alama kwenye mawe ili wajukuu zake waje kuzichukua. Mtu mzima na akili zake atakwambia hivyo. Niliwahi kuwa na mgeni, bwana mmoja mtaalamu wa majengo, aliyegonga ukuta wa gofu moja kwa bakora yake, ajue tu kama ni mawe au tofali. Tuliporudi na mgeni mwingine baadaye, ukuta haukuwepo. Ulikuwa umechimbwa mpaka msingi, na mchimbaji mmoja alikuwa bado shimoni, akatuuliza kwa heshima zote yule bwana aligonga mara ngapi.

Basi sasa niwaambie habari za Bwana Kanti.

Alikuja miaka ya themanini mwanzoni, wakati dukani kuna rafu tupu na petroli inatoka kwa kibali. Mhindi wa makamo, mwembamba, shati jeupe limefungwa mpaka kifungo cha shingoni. Alizaliwa huku, na nyumba zilipotaifishwa wazazi wake walihama nchi pamoja naye. Nilimpeleka boma, hakulitazama. Nilimpeleka mtaa wa Wahindi, tukasimama kwenye baraza la lililokuwa duka la baba yake, sasa duka la ushirika, na muuzaji anasinzia mbele ya maboksi ya viberiti. Nilidhani atalia. Akaketi kwenye ngazi kama mtu anayesubiri basi.

"Mama Shija," akaniambia, kwa Kiswahili safi kuliko cha dereva wangu, "hili duka si shida yangu. Kabla ya hapa tulikuwa na duka kule mgodini, upande wa Geita. Mdogo wangu wa kike alifia kule kwa homa. Tulimzika nyuma ya duka."

"Mlimzika? Ninyi si mnachoma?"

"Mkubwa anachomwa. Mtoto mdogo anazikwa. Hana bado cha kusafishwa na moto." Akasugua ngazi kwa kiganja. "Mama yangu ni mzee sana sasa. Hatambui watu vizuri, ila kila asubuhi ananiuliza kama nimekwenda kumwona mtoto. Anataka udongo wa pale, autie mkononi, basi. Nimekuja kwa ajili hiyo tu."

Niliogopa, na siwafichi. Mgodi ule wa wakoloni ulikuwa umefungwa zamani, umebaki magofu, na kila ngazi na kila sakafu ilikuwa imechimbuliwa na watu wanaotafuta walichoacha Wazungu. Isitoshe, hiyo ndiyo miaka sungusungu walipoanza. Wizi wa ng'ombe ulikuwa umewachosha watu, vijiji vikaamua kujilinda vyenyewe kwa pinde na filimbi, na watuhumiwa wengine hawakufika kituo cha polisi. Mgeni anayechimba kwenye magofu ya mgodi, katika miaka ile! Nikamwambia: udongo tutauchukua juujuu, kwa vidole, baada ya kuzungumza na wenyeji. Asibebe jembe, asibebe sururu wala panga. Akakubali kwa kichwa.

Tuliondoka asubuhi na Athumani, dereva, mtu wa Pangani, hodari kwenye matope lakini mwenye hofu kubwa na Wasukuma wenye pinde. Kutoka Kahama kwenda mbele aliendesha bila kugeuza shingo. Kila tulipopita kundi la wanaume njiani alikaza usukani na kusoma dua kimoyomoyo. Midomo yake niliiona kwenye kioo. Bwana Kanti alikaa nyuma na mkono mmoja mfukoni.

Magofu tuliyakuta kama nilivyoyajua: kuta za bangaloo zisizo na mapaa, tangi kubwa la maji limelala ubavu, na mashimo. Mashimo kila mahali, mengine ya wakoloni, yameziba nusu kwa vichaka, mengine ya juzi. Nyumba ya karibu ilikuwa chini ya kilima. Nikashuka, nikapiga hodi. Kuku tu. Nikapiga tena, nikaita. Ilikuwa siku ya mnada, watu wote wamekwenda na ng'ombe. Masanja angesema tukae tusubiri, na mimi nilirudi garini kusema hivyohivyo, lakini Bwana Kanti hakuwepo.

Nikamwona juu, anatembea kati ya kuta kama mtu aliye nyumbani kwake. Alitazama tangi, akatazama bomba la moshi lililobaki wima, akasogea kushoto, akatazama tena. Nilipanda mbio na mapafu yangu yanaungua. Nilipomfikia alikuwa amepiga magoti nyuma ya ukuta mmoja, amefagia majani kwa kiganja, na mbele yake palikuwa na jiwe bapa lililochongwa ua dogo.

"Ni hapa," akasema. "Baba alichonga mwenyewe kwa patasi. Mama Shija, hawajalichimba!"

Mimi nililitazama jiwe lile. Jiwe lenye alama ya kuchongwa, kwenye magofu ya Wazungu. Kisha Bwana Kanti akatoa mkono mfukoni, akiwa na kijiko. Kijiko cha chakula, cha nyumba ya wageni! Nilikuwa nimemkataza jembe na panga, sikumkataza kijiko.

"Weka hicho chini," nikasema. "Bwana Kanti, nakuomba."

Nyuma yetu kitu kilianguka kwa kishindo. Nikageuka. Mama mmoja alikuwa amesimama kwenye njia ya kilimani, mzigo wa kuni umetawanyika miguuni pake. Alimtazama Mhindi, akatazama kijiko, akatazama jiwe. Kisha akaweka mkono mdomoni, akaupiga mwano.

Kama hujawahi kupigiwa wewe, siwezi kukueleza. Sauti ya pili ikapokea bondeni, kisha ya tatu, halafu filimbi. Na chini ya kilima nikasikia kilichonitisha kuliko vyote: Athumani anawasha gari.

Nilimshika Bwana Kanti mkono, tukateremka kwa kuteleza. Nikaingiza mkono dirishani, nikachomoa ufunguo.

"Mama Shija, nina watoto!" Athumani akaniomba.

"Ukiondoa gari hii, hutawaona. Shuka! Shuka ukae chini ya mlango, mikono waione."

"Nikae chini?"

"Mtu aliyekaa chini hakimbii. Kaa!"

Akakaa. Mimi nikamgeuza Bwana Kanti, tukaanza kupanda tena, tukiuelekea mwano. Na nikaupokea. Mimi binti wa Kisukuma, nilijaza kifua nikaupiga mwano kwa sauti yangu yote, kwa ajili ya mgeni wangu mwenyewe, ili waliokuwa wanakuja wajue kwamba mimi na yeye hatukimbii. Bwana Kanti alinitazama kama nimerukwa na akili. Lakini mkono hakuutoa.

Walifika kutoka pande zote, wengine bado na fimbo za mnadani. Vifua wazi, pinde zimevutwa, jasho linawatiririka. Nikamkalisha Bwana Kanti pembeni ya jiwe, mimi nikapiga magoti. Mbele yao alikuwa kiongozi wao, waliyemwita ntemi, mzee mfupi mwenye koti la kaki lililokatwa mikono. Nikamwamkia nimeinamisha kichwa. Aliitikia, na hilo lilinipa pumzi kidogo, maana mtu aliyekuitikia hakuui papo hapo.

"Huyu ni nani?"

"Ni mgeni wa ofisi ya mkoa, baba. Alikulia hapahapa, baba yake alikuwa na duka la mgodini. Nilipiga hodi nyumba ile, sikukuta mtu."

"Anatafuta nini kwa kijiko?"

"Anatafuta kaburi la mdogo wake."

Wakacheka. Kicheko hicho sikukipenda hata kidogo. Kijana mmoja mwenye upinde akasema kwa sauti ili wote wasikie: "Mhindi anachomwa! Nani hajui? Mimi nimeona kwa macho yangu, kuni na samli. Kaburi la Mhindi limetoka wapi?"

"Kweli," wakaitika. "Kaburi la Mhindi limetoka wapi?"

Nikaeleza habari za watoto wadogo. Jinsi nilivyozidi kueleza ndivyo ilivyozidi kufanana na uongo. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeijua juzi tu. Ntemi akainama, akalipapasa jiwe kwa kidole gumba, akafuata petali moja moja.

"Hii alama ni ya nani?"

"Ya baba yangu," Bwana Kanti akajibu kwa Kisukuma. Watu wakaguna. Badala ya kumsaidia, Kisukuma chake kiliwatia wasiwasi zaidi. Mgeni anayejua lugha amekuja kwa mpango.

Ntemi akasimama. "Tuchimbe. Kama ni kaburi, tutaona. Kama ni mali, tutaona vilevile."

Hapo ndipo Bwana Kanti, aliyekuwa mtulivu kama maji ya mtungi, alipojilaza juu ya jiwe. "Nipigeni," akasema. "Nichukueni mnipeleke mnakotaka. Lakini msimfukue."

"Mmeona?" kijana wa upinde akapaza sauti. "Anakataa! Ni dhahabu!"

Mtu akamvuta mguu. Mwingine akainua fimbo. Mimi nikajitupa katikati, nikaweka mdomo karibu na sikio la mgeni wangu nikasema maneno ambayo sikutaka kuyasema: "Wakikuua hapa watamchimba vilevile, tena kwa majembe. Na mama yako hatapata udongo wala mtoto wake mwingine. Chimba wewe. Chimba wewe mwenyewe, polepole."

Bwana Kanti alilikumbatia jiwe. Kisha akainuka, akapangusa uso kwa mkono wa shati jeupe, akamwambia ntemi: "Nitachimba mimi. Kwa hiki." Akaonyesha kijiko.

Ntemi akaitika kwa kichwa. Wakafunga duara.

Nimekaa kwenye ofisi za wakubwa nikisubiri uamuzi, nimekaa hospitalini na mtoto mahututi, lakini sijawahi kukaa kama nilivyokaa siku ile nikisikiliza kijiko kikikwaruza. Alilisogeza jiwe kwa mikono miwili. Alichota, akaweka udongo pembeni kwenye kilemba changu nilichokitandika. Alichota tena. Mvua za miaka yote zilikuwa zimekula sehemu kubwa ya udongo, kwa hiyo hakwenda chini sana. Kijiko kikagonga kitu, kikalia.

Akaacha kijiko, akaendelea kwa vidole. Kilichotoka kilikuwa cheusi cha uchafu, lakini alipokisugua kidogo kikang'aa.

"Fedha!" duara zima likalipuka. "Mali! Mali hiyo!" Watu wakasukumana mbele, upinde ukavutwa hadi mwisho karibu na shavu langu, na mimi nikafumba macho kabisa. Nilijua tumekwisha.

"Nipe," sauti ya kike ikasema.

Alikuwa yule mama wa kuni, aliyepiga mwano. Alipenya kati ya wanaume, akakichukua kile kitu kiganjani mwa Bwana Kanti, akakipangusa kwenye kanga. Ilikuwa bangili. Akajaribu kuivaa. Haikupita. Akakusanya vidole vyake vyote pamoja kama tunavyofanya tukivaa bangili iliyobana, akasukuma, haikupita hata mafundo ya vidole. Akabaki ameishika kwa ncha za vidole vitatu, anatazama udogo wake.

Kisha akaketi chini pale pale, akaweka mikono kichwani.

"Ni mtoto," akasema. "Jamani, ni mtoto huyu. Mmenifanya nifukue mtoto wa mtu."

Nikasikia kamba ya upinde ikilegezwa, kisha nyingine. Wanawake waliokuwa wamesimama nyuma walisogea, wakaketi karibu naye mmoja mmoja, wakaweka mikono vichwani. Mmoja alianza kulia kwa sauti ya chini, ile ya msibani, na hakuwa anamjua mtu hata mmoja wa msiba huo. Yule kijana wa "kaburi la Mhindi limetoka wapi" alivua kofia, akaikunja, akaikunjua, hajui aiweke wapi.

Ntemi alichuchumaa mbele ya Bwana Kanti. "Aliitwa nani?"

"Baba alimpa jina la Lalita," akajibu. "Lakini alizaliwa mvua ikinyesha, na yaya aliyemlea, mama wa hapahapa, alimwita Kabula. Sisi sote tukamwita hivyo. Mama yangu alikataa kumvua bangili. Mpaka leo akimtaja anasema Kabula."

Ntemi alirudia jina hilo polepole. Akaagiza udongo urudishwe, na wanaume walewale waliokuja na pinde wakaurudisha kwa viganja. Bwana Kanti alitaka kuirudisha bangili pia. Yule mama wa kuni akamzuia mkono.

"Usiiache," akamwambia. "Wameiona wengi. Nawajua watu wangu. Mpelekee mama yake."

Alisema hivyo mbele yao wote, na hakuna aliyebisha. Basi Bwana Kanti akafunga udongo kidogo kwenye leso, akaweka bangili juu yake, akafunga fundo. Jiwe likarudi mahali pake. Ntemi akaamuru mawe makubwa yaletwe kutoka kwenye kuta za bangaloo, yakapangwa kuzunguka, kama tunavyopanga kwenye makaburi yetu.

Tulisindikizwa hadi kwenye gari. Athumani alikuwa bado amekaa chini, mikono magotini, na sungusungu wawili wamemsimamia. Alipotuona akaanza kucheka na kulia pamoja. Bwana Kanti alisimama mbele ya ntemi akamuuliza awape nini, ng'ombe, nguo, chochote, atume kutoka huko anakoishi. Uso wake ulikuwa mkavu. Chini ya fimbo hakulia, chini ya upinde hakulia, hata bangili ilipotoka hakulia.

Ntemi akakataa kwa mkono.

"Ukifika," akasema, "msalimie Mama Kabula. Mwambie mtoto wake yupo kwetu, tunamwona."

Mlango wa Land Rover ulikuwa wazi, lakini Bwana Kanti hakuweza kupanda. Alishika ukingo wake kwa mikono miwili, akapiga paji la uso kwenye bati, akalia kama wanavyolia watoto, na wale wanaume wote wakageuka kutazama upande mwingine mpaka alipomaliza.